Neno la Nne

Katika kanisa letu hapa Mwanza, ibada ya Ijumaa Kuu hufuata maneno saba aliyoyasema Yesu akiwa msalabani. Kila neno hupewa mtu mmoja wa kulihubiri kwa dakika kumi, kisha kwaya huimba, naye mwingine husimama. Majina hupangwa wiki tatu kabla, katika kikao cha wazee wa kanisa, na kwa miaka yote niliyokaa katika kikao hicho niliona jambo moja likijirudia. Neno la kwanza, la kuwaombea msamaha waliomsulubisha, hupata watu upesi. La pili, la mwizi aliyeahidiwa peponi, hupendwa na wahubiri vijana. La sita, "Imekwisha," huachiwa mchungaji. Neno la nne, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", hubaki mezani mpaka mwisho, na mara nyingi hupewa mtu ambaye hakuhudhuria kikao. Mwaka 2019 mtu huyo nilikuwa mimi.

Sikuhudhuria kwa sababu mwezi Desemba tulikuwa tumemzika binti yetu wa kwanza, na tangu siku hiyo ni miguu yangu tu iliyokuwa ikienda kanisani.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwa miaka mingi, nikifika katika mada ya urithi, nimekuwa nikichora ubaoni mraba wenye vyumba vinne ili wanafunzi waone kwamba baba na mama wanaobeba kinasaba cha selimundu bila wao kuugua, katika kila mimba wana uwezekano mmoja kati ya minne wa kupata mtoto mgonjwa. Huwaeleza pia kwamba kinasaba hicho kimeenea katika nchi zenye malaria nyingi kama hii yetu kwa sababu aliyekirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, kwa hiyo kitu kilekile kilichowalinda babu zetu ndicho kinachowaua baadhi ya watoto wetu. Niliyafundisha hayo kwa utulivu mkubwa. Kisha binti yetu, akiwa na miezi minane, alivimba vidole vya mikono na miguu, akalia siku mbili mfululizo, na majibu ya vipimo yaliporudi nikaona nyumba yangu imechorwa ndani ya ule mraba.

Jina la ugonjwa huu limetungwa kwa usahihi. Chembe nyekundu za damu hupinda zikawa na umbo la mundu, zikanasa katika mishipa midogo, na hapo maumivu huanza: mgongoni, miguuni, kifuani, popote. Tuliishi na mundu huo miaka saba. Tulijifunza vidonge vya foliki asidi, maji mengi, sweta wakati wa baridi, chandarua kila usiku, na kliniki kila mwezi. Tuliomba pia. Wazee wenzangu walimpaka mafuta kama Yakobo anavyoagiza katika waraka wake, jumuiya ilifunga siku tatu zaidi ya mara moja, na kila alipotoka hospitalini tulisimama mbele ya kanisa tukatoa ushuhuda. Sijutii shuhuda hizo, kwa kuwa zilikuwa kweli.

Tarehe 20 Septemba mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimebakiza mwendo mfupi sana kufika gatini, na watu zaidi ya 220 wakafa. Siku mbili baadaye fundi mmoja alitolewa ndani yake akiwa hai. Jumapili iliyofuata muda wa ushuhuda ulijaa kanisani kwetu. Mmoja alisema alikuwa apande kivuko kile lakini Mungu akamchelewesha. Mwingine alimshukuru Mungu kwa ajili ya fundi yule. Tuliitikia "Amina," na Amina yangu ilisikika kuliko za wengine. Haikunijia hata kidogo kujiuliza Amina ile ilisikikaje masikioni mwa mtu ambaye ndugu yake hakucheleweshwa.

Usiku wa mwisho wa binti yetu alikuwa na homa na maumivu ya kifua, na damu yake ilikuwa imeshuka sana. Damu ya kundi lake haikuwapo hospitalini, tukaambiwa italetwa asubuhi. Nilikunja mkono wa shati nikasema nitolewe mimi. Daktari wa zamu, kijana mpole, akanieleza kile ambacho mimi mwenyewe ningeweza kukieleza ubaoni, kwamba damu ya mbebaji wa kinasaba kile haifai kupewa mgonjwa wa selimundu. Mke wangu naye hakufaa kwa sababu hiyohiyo. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mzazi anayetoa damu yake kwa ajili ya mtoto. Mimi yangu ilikataliwa, na ilikataliwa kwa haki.

Nikatoka nikasimama barazani, mahali panapoonekana ziwa. Ulikuwa usiku usio na mwezi, ambao ndio usiku wa wavuvi wa dagaa, na taa zao zilikuwa zimetapakaa majini mpaka mbali. Hapo ndipo nilipoomba, nami nataka kueleza kwa usahihi nilivyoomba, kwa sababu baadaye wapo walioniambia kwamba huenda sikuomba kwa imani. Niliomba kwa imani. Sijawahi kuamini kama nilivyoamini usiku ule. Nilikuwa na hakika kwamba aliyemrudishia Yairo binti yake ananisikia, na nilimtajia binti yangu kwa jina lake la ubatizo na kwa jina tulilomwitia nyumbani. Niliomba mara ya pili, kisha mara ya tatu. Halafu nikanyamaza nisikilize.

Kimya kile nimejaribu mara nyingi kukieleza. Mtu akipiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu hahuzunishwi na kutojibiwa, huondoka zake akaja siku nyingine. Mimi nilikuwa kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba ambayo taa inawaka na viatu vya mwenyeji viko mlangoni, asiitikiwe "karibu." Adabu tuliyolelewa nayo inasema hodi tatu zisipojibiwa uondoke, kwa kuwa mwenyeji ana sababu zake. Binti yetu alifariki kabla ya mapambazuko. Damu ililetwa saa mbili asubuhi.

Msibani watu walikuja kwa wingi, na upendo wao sitausahau. Waliofunga turubai, waliopika, waliolala sakafuni na mke wangu siku zote za matanga, hao walinionyesha kanisa ni nini. Lakini maneno yao yalikuwa machache na yaleyale. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Mungu amempenda zaidi." Na makaburini likasomwa lile la Ayubu, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe. Ni neno la kweli, na Ayubu alilisema kwa moyo wake. Hata hivyo liko katika sura ya kwanza, na kitabu kina sura 42. Katika sura ya tatu Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Katika ya 23 anasema kwamba akienda mbele Mungu hayuko, na akirudi nyuma hamwoni. Mwishoni Mungu mwenyewe anatamka kwamba rafiki zake Ayubu, waliomtetea Mungu kwa maneno mazuri, hawakusema yaliyo sawa kama alivyosema Ayubu. Sisi tunazika kwa sura ya kwanza, kisha tunategemea mfiwa akae humo maisha yake yote.

Nilikaa humo miezi mitatu. Jumapili nilipoulizwa habari nilijibu kwamba Bwana ni mwema. Sikuacha kuamini kwamba Mungu yupo; ningeweza kuliacha hilo pengine ningepumzika, maana asiyekuwapo halaumiwi. Kilichonitesa ni kwamba yupo, nami sikuwa na neno la kumwambia. Nilikuwa nimefundishwa maombi ya kushukuru, ya kuomba, ya kutubu na ya kukemea. Hakuna aliyenifundisha la kusema baada ya kunyimwa. Kwa hiyo nyumbani nilianza kusali kwa ajili ya chakula tu, na nikiwa peke yangu sikusali kabisa.

Mtu wa kwanza aliyenisaidia alikuwa mwalimu mwenzangu, Mkatoliki, ambaye kwa majuma kadhaa alikuja kila jioni akaketi nami uani bila kusema jambo lolote la dini. Baadaye nilikumbuka kwamba rafiki zake Ayubu nao, kabla hawajaharibu kwa kusema, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, na hilo ndilo jema walilolifanya. Jioni moja nilimwambia kwamba sisikii tena kitu nikiomba. Hakushtuka. Aliniambia habari za Mama Teresa wa Kalkuta, kwamba mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilichapishwa barua alizowaandikia mapadre waliomwongoza kiroho, na ndani yake akakiri kwamba kwa miaka mingi sana, karibu muda wote aliokuwa akiwahudumia maskini, alisali pasipo kuhisi kwamba Mungu yuko naye. Nilimuuliza, "Na alitoaje ushuhuda?" Akasema hakujua kama alitoa; alijua tu kwamba aliamka kila alfajiri akaenda kusali. Mimi si Mkatoliki, na kuna mengi ambayo mwenzangu na mimi tungebishana. Habari ile, hata hivyo, niliishika kama mtu anayeshikwa mkono gizani.

Ndipo ilipofika karatasi ya Ijumaa Kuu, na mbele ya jina langu imeandikwa: Neno la Nne, Mathayo 27:46.

Nilifikiri kwanza kukataa. Kisha nikakaa na sura ile usiku kadhaa, na kwa kuwa mwalimu ni mwalimu, nikaanza kuandika pembeni mambo niliyoyaona. La kwanza ni saa. Injili inasema giza lilikuwa juu ya nchi tangu saa sita mpaka saa tisa, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kugeuza hesabu, maana saa zao zilikuwa saa zetu: ni adhuhuri, ule wakati ambao hapa kwetu jua liko utosini na kivuli cha mtu kiko chini ya miguu yake. Saa tatu za giza katika wakati huo. La pili ni lugha. Mwinjili ameyaacha maneno yenyewe bila kuyafasiri kwanza: "Eloi, Eloi, lama sabakthani." Ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, lakini Yesu hakuusema kwa Kiebrania cha hekaluni. Aliusema kwa Kiaramu, lugha ya nyumbani kwao Nazareti. Nilielewa hilo pasipo kitabu cha ufafanuzi, kwa kuwa pale makaburini mama yangu, ambaye kanisani huomba kwa Kiswahili kizuri, alilia kwa Kisukuma.

La tatu lilinichukua muda zaidi. Yesu alipobatizwa Yordani mbingu zilifunguka na sauti ikasema, "Huyu ni Mwanangu." Kule mlimani alikong'aa uso sauti ilisema tena. Pale Golgotha nilitafuta sauti hiyo katika Injili zote nne, mstari kwa mstari, na haimo. Waliosimama pale ndio walioitikia kilio chake, nao walidhani anamwita Eliya. Halafu nikarudi nyuma sura moja, Gethsemane. Mathayo anasema aliomba kikombe kimwepuke, akaenda akaomba mara ya pili, akaenda akaomba mara ya tatu akisema maneno yaleyale. Luka anataja malaika aliyemtia nguvu, lakini ombi lenyewe halikupewa. Hodi tatu. Na kesho yake, akiwa amepigiliwa misumari, yule ambaye hodi zake tatu hazikuitikiwa akapiga ya nne, kwa sauti kuu, mbele ya watu wote.

Hayo ndiyo niliyoyahubiri. Niliwaambia washirika kwamba nilipiga hodi tatu barazani kwa hospitali, nikaondoka kama nilivyofundishwa, nikadhani kuondoka kimya ndiyo imani. Niliwaambia kwamba Mwana wa Mungu hakuondoka, wala hakusema kazi ya Mungu haina makosa. Aliuliza "mbona," na swali hilo alimwuliza Mungu, akimwita "wangu" mara mbili. Niliwaambia pia kwamba najua Zaburi ya 22 inaendelea hadi kwenye sifa, na kwamba siku ya tatu kaburi lilikuwa wazi, nami ninalisadiki hilo kwa nguvu zangu zote, lakini saa tisa ya Ijumaa lilikuwa bado halijatokea, na wapo miongoni mwetu ambao kwao bado ni saa tisa.

Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwa katika ratiba. Nikasoma Zaburi ya 88 yote. Ni zaburi ya mtu anayesema amelia mchana na usiku, anayemwuliza Bwana kwa nini anamficha uso wake, na tofauti na karibu nyingine zote za kulalamika haigeuki kuwa shukrani. Mstari wake wa mwisho unaishia gizani. Kinachonishangaza hata leo ni anwani yake. Juu yake pameandikwa kwamba ni wimbo, zaburi ya wana wa Kora, kwa mwimbishaji. Yaani kulikuwa na kwaya. Kuna siku watu walifanya mazoezi ya maneno hayo, wakapanga sauti, wakasimama katika nyumba ya Mungu wakamwimbia kwamba hawamwoni, na hakuna aliyewaambia imani yao ni haba. Kwaya yetu ina nyimbo zaidi ya mia moja, nami nimezipitia zote. Hatuna hata mmoja wa namna hiyo.

Baada ya ibada watu walitoka kimya kama desturi ya siku ile. Mzee mwenzangu mmoja aliniambia kwa upole kwamba nimewavunja moyo wachanga wa imani, na sidhani kwamba alikosea kabisa. Dakika kumi ni chache, na huenda nilipaswa kukaa zaidi kwenye ule mwendelezo wa Zaburi ya 22. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama bibi mmoja wa benchi la mwisho, ambaye namfahamu tangu nikiwa kwaya ya vijana. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Aliitikia, akanishika mkono akaniketisha kwenye benchi lake.

Aliniambia kwamba mwanawe wa pekee alikuwa ndani ya MV Bukoba. Kila mtu wa Mwanza anaijua tarehe ile, 21 Mei 1996, meli ilipopinduka na kuzama karibu na mji huu ikiwa inatoka Bukoba, na watu zaidi ya 800 wakapotea. Mwili wa mwanawe haukutambuliwa. Hajui kama amelala Igoma pamoja na waliozikwa pale kwa pamoja, au alibaki ziwani. Akasema, "Mwalimu, wakati ule walisema watu walikuwa wakigonga kutoka ndani, na waliokuwa juu waliwasikia." Nilikuwa nimesikia habari hizo, kama wote waliokuwapo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba tangu mwaka ule, mstari wa "bisheni, nanyi mtafunguliwa" ukisomwa kanisani, yeye hutoka nje kana kwamba amebanwa na kikohozi, na kwamba kwa miaka 23 hajawahi kumwambia mtu sababu, kwa kuwa hakujua kama ni jambo linaloruhusiwa kusemwa ndani ya kanisa.

Nikakumbuka Amina yangu ya mwezi Septemba. Bibi huyu alikuwa ameketi pale pale.

Sikuwa na jibu, na sijalipata. Nilitaka kumwambia habari za Martha na Mariamu, jinsi kila mmoja kwa zamu yake alivyomwambia Yesu usoni kwamba kama angalikuwapo ndugu yao hangalikufa, naye hakuwakemea; na jinsi ambavyo, akijua anakwenda kumfufua Lazaro, alilia kwanza. Nilimwambia hayo baadaye, siku nyingine. Siku ile nilimwomba msamaha, akasema, "Mwanangu, hukujua," tukaketi mpaka mhudumu alipokuja kufunga milango.

Tangu hapo nimeanza kusali tena. Si kama zamani. Nikiamka usiku, badala ya kusema kwamba Bwana ni mwema huku moyo umefungwa, humwambia kwanza lile lililo moyoni, kwa Kisukuma, na mara nyingi ni swali lilelile. Kimya bado kipo. Siwezi kusema kimevunjika, na ningesema hivyo ningekuwa nimerudi kwenye kutoa ushuhuda wa jambo lisilotendeka. Lakini sijioni tena kama mtu aliyefukuzwa mlangoni, kwa sababu yuko mwingine aliyesimama mlango uleule akaita kwa sauti kuliko mimi, naye ndiye ninayemwita Bwana. Mke wangu, ambaye hasemi sana mambo haya, alinisikia usiku mmoja nikiomba hivyo akakaa kitandani akaanza kuomba na yeye. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuomba pamoja tangu Desemba.

Mwezi Mei mwaka ule bibi aliniomba nimnakilie Zaburi ya 88 kwa herufi kubwa, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu, na nimsindikize Igoma tarehe 21. Tulikwenda kwa daladala, yeye kiti cha dirishani, karatasi imekunjwa ndani ya khanga. Palikuwa na watu wengine waliokuja kuwakumbuka wao, kwa hiyo tulisubiri mpaka wachache wakabaki. Kisha akasogea mpaka kwenye makaburi, akaniomba nimshikie fimbo, akafungua karatasi akasoma kwa sauti, polepole, akirudia pale alipokosea, mistari yote 18, mpaka lile neno la mwisho la giza. Akaikunja karatasi, akairudisha ndani ya khanga, akaniambia jua limekuwa kali, twende.